Mabaharia wa meli za Liemba, Mwongozo na Sangara: mliobaki mko wapi? Na nani aliyeifanya Liemba idumu hivi?

#1 Sarang'i wa Bangwe

Wakuu, salaam. Mimi ni baharia mstaafu wa ziwa hili letu la Tanganyika. Nimefanya kazi sitahani Liemba, baadaye Mwongozo, sasa nimetulia Bangwe. Nafungua uzi huu kwa mambo mawili.

La kwanza, nawatafuta wenzangu. Tuliofanya kazi pamoja tumetawanyika: wengine Kasanga, wengine Mwanza, wengine Dar kwa watoto wao, na wengi tumeshawazika. Aliye hai aseme yuko wapi.

La pili linaniuma. Kila ninaposoma habari za Liemba nakuta hadithi ileile. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja Dar kwa meli, ikapanda reli mpaka Kigoma, ikashushwa majini 5 Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mjerumani akaizamisha 1916, Mwingereza akaiibua 1924, ikaanza kazi kama Liemba 16 Mei 1927. Baada ya hapo hadithi inaruka moja kwa moja hadi kwa mtalii mwenye kamera. Hapo katikati hakuna mtu. Hakuna mshika usukani, hakuna mwendesha winchi, hakuna mpishi, hakuna aliyegonga kutu.

Mimi nadai hivi: Liemba haikudumishwa na chuma cha Mjerumani wala na grisi yake. Imedumishwa na mikono ya watu wa Kigoma, Ujiji, Kirando na Kasanga. Anayebisha alete hoja.

#2 Mafuta na Grisi

Sarang'i, heshima yako mzee. Ila grisi usiitupe hivyo. Mimi nilikuwa chini, injini.

Wale mafundi watatu wa kiwanda walioongozana na meli kutoka Papenburg ndio walioachiwa kazi ya kuizamisha. Kabla ya hapo walipaka grisi nzito mashine yote, ndipo wakaijaza mchanga na kuiacha iende chini karibu na mdomo wa mto Malagarasi, 26 Julai 1916. Anayetaka meli ife haipaki mafuta. Walikuwa na nia ya kurudi kuichukua. Ilipoibuliwa, injini na boila zilikutwa bado zinafaa. Miaka minane chini ya maji! Hiyo si kazi ya mkono wa Kigoma, tuseme kweli.

Nakubaliana nawe kwa yaliyofuata. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akipita kati ya mashine na kugusa kila nyumba ya beringi kwa mgongo wa mkono. Mgongo wa mkono, si kiganja, kwa sababu kiganja cha fundi kimeota sugu na hakihisi. Akisimama mahali kwa muda, sisi wadogo tunakimbilia kopo la mafuta hata kabla hajafungua mdomo.

#3 Mjukuu wa Ujiji

Shikamooni wazee. Babu yangu alikuwa mpishi humo, alifariki nikiwa mdogo. Naomba kuuliza, Liemba si bado inakwenda kwa mvuke? Mitandaoni wanaiita stima.

#4 Fita Mstaafu

Marahaba kijana. Mvuke uling'olewa miaka ya 1970, zikawekwa dizeli, na mkandarasi aliyeishika kazi ile alikuwa Mwairishi. Mwaka 1993 ikafanyiwa ukarabati mwingine kwa fedha za Denmark, ikatoka hapo ikichukua abiria 600.

Sasa ndugu yangu Mafuta na Grisi, ona ulipojifunga. Ile mashine iliyopakwa grisi haimo tena melini. Kilichobaki cha 1913 ni mwili wa meli, yale mabati na ribiti zake. Grisi ya injini itaelezaje uzima wa mabati?

#5 Mafuta na Grisi

Fita, bila ile grisi Mwingereza asingekuwa na sababu ya kuihangaikia. Angeikata vyuma chakavu. Mwili umeokolewa na mashine, hata kama mashine yenyewe imeondoka.

#6 Chumvi Mdomoni

Habari za jioni. Mimi mzaliwa wa Katonga, lakini ubaharia wangu ni wa bahari kuu. Nilipanda treni kwenda Dar kijana mdogo, nikaingia kwenye shirika la meli la Afrika Mashariki, lile lililokuwa la nchi nne: Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia. Meli zilikuwa Harambee, Uganda, Ujamaa na Mulungushi. Mulungushi ni jina la Zambia, wasiojua wajue.

Siku zile mfereji wa Suez umefungwa, tangu Juni 1967 mpaka Juni 1975. Kwenda Ulaya ilikuwa kuizunguka Afrika yote kwa kule chini. Unaondoka na katani, kahawa na pamba, unakaa majini mpaka unasahau sauti ya jogoo. Baridi ya Hamburg mwezi Januari, unashika kamba imeganda, ngozi inabaki kwenye kamba. Kisha nasikia watu wanaoona nchi kavu kulia na kushoto nao wanajiita mabaharia! Ninyi ni madereva wa basi la majini. Wenye ubaharia tupo.

#7 Sarang'i wa Bangwe

Chumvi Mdomoni, karibu nyumbani, na maneno yako nimeyapokea kama ya mtani.

Bahari ina wimbi refu. Linakuinua, linakushusha, unapata nafasi ya kupumua. Wimbi la Tanganyika ni fupi na wima, linakugonga, na kabla meli haijanyanyuka limefika la pili. Njoo Juni mpaka Agosti upepo wa kusini ukiamka, meli imebeba watu 600 na mizigo yao, na huko uendako hakuna gati. Tulikuwa na gati Kigoma, Kasanga na Mpulungu basi. Kwingine kote, Kalya, Ikola, Kipili, Kirando, Kabwe, Wampembe, unasimama majini na mitumbwi inakufuata. Usiku. Hebu niambie Hamburg ni lini uliwahi kupokea mtoto mchanga kutoka kwenye mtumbwi unaoruka juu na chini, mama yake bado yuko kule chini?

#8 Chumvi Mdomoni

Hilo la mtoto sijawahi, Sarang'i. Hapo nakupa.

#9 Mama Mgebuka

Wazee hamjambo. Mimi sikuwa baharia, nilikuwa mfanyabiashara wa dagaa na migebuka kati ya Lagosa na Kigoma, na nyakati nyingine nilishuka na mzigo hadi Mpulungu. Ngojeni niwaeleze ilivyoonekana kutoka chini, maana ninyi mlikuwa juu mnatazama.

Liemba iliondoka Kigoma jioni, kwetu Lagosa inafika usiku wa manane. Tumelala ufukweni juu ya magunia yetu. Unasikia honi kabla hujaona taa. Hapo ufukwe wote unaamka kwa pamoja, kila mtu anaita mwenye mtumbwi wake. Mnapiga makasia gizani kuelekea zile taa, na mitumbwi mingine kumi nayo inakimbilia mlango uleule wa ubavuni. Mitumbwi inagongana, watu wanatukanana, kuku wanalia, mananasi yanaanguka majini. Ukifika chini ya mlango unaona mikono tu inatoka kwenye mwanga. Unatoa gunia, linavutwa. Unatoa la pili. Kisha unatoa mkono wako mwenyewe.

Kulikuwa na baharia mmoja, mrefu, ana kovu kwenye kidole gumba. Hakuwa akimshika mwanamke kiganja. Alikuwa akishika juu ya kifundo cha mkono, kwa sababu kiganja chenye mafuta ya samaki kinateleza. Tulimjua kwa mshiko wake, sura yake wengi wetu hatukuwahi kuiona vizuri. Kama yumo humu, namshukuru. Nilikuwa mjamzito safari moja na hakuniachia.

Kwa hiyo swali la Sarang'i mimi nalijibu bila kutaja chuma. Meli imedumu kwa sababu tuliihitaji. Pwani ile karibu yote haikuwa na barabara. Kitu usichoweza kuishi bila nacho hukiachi kife.

#10 Kasanga Kwetu

Mama Mgebuka umeniliza asubuhi hii.

Sarang'i wa Bangwe, naomba nikuulize kitu. Wewe siye yule aliyekuwa akiongoza winchi kwa filimbi pale Kasanga? Mlio mmoja mrefu inua, miwili mifupi shusha, na ukitaka kusimamisha unaacha filimbi na kupiga kofi kwenye bati? Na siku ile shehena ya mahindi ilipokatikia juu ulimsukuma kijana mmoja akaangukia kwenye rundo la kamba, gunia likatua aliposimama?

Kijana yule ni mimi.

#11 Sarang'i wa Bangwe

Ewe! Uko hai! Tuliambiwa ulihamia Sumbawanga ukafia huko. Nimekutumia ujumbe pembeni, pokea simu mwanangu.

#12 Mwalimu Kasulu

Shukrani kwa simulizi hizi. Nafundisha jiografia, naomba niongeze upande wa maji.

Fita kauliza kwa nini mabati yamedumu. Sababu ya kwanza ni maji baridi. Bahari ina chumvi, na chumvi inaharakisha kutu; meli ya chuma ya umri huu baharini huenda ingekuwa imekwisha zamani. Sababu ya pili, maji ya Tanganyika yana magadi kiasi, si maji makali, na maji ya namna hiyo hayali chuma haraka. Nimesikia pia watu wakisema chini ziwani hakuna hewa ndiyo maana meli haikuoza ilipozama. Hiyo kwa Liemba haisimami. Ni kweli ziwa lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na sehemu kubwa ya maji ya chini haina oksijeni. Lakini tabaka hilo linaanzia mita mia na zaidi kwenda chini. Liemba ililala kwenye kina cha kama mita 20, mahali samaki wanaishi na kutu inafanya kazi kama kawaida.

#13 Fita Mstaafu

Mwalimu, hoja ya maji nzuri, lakini maji hayohayo yamekula meli nyingine na boti zisizo na hesabu katika ziwa hilihili. Nimeona boti za chuma zimelala Kibirizi, changa kuliko watoto wangu, zimetoboka kama kipepeo cha mkaa kilichochakaa. Zimeogelea maji yaleyale ya magadi. Tofauti ni nyundo na rangi. Tulikuwa tunagonga kutu mstari kwa mstari, unapiga nyundo ndogo huku unasikiliza. Bati zima linalia, bati bovu linanyamaza. Ukisikia limenyamaza unaweka alama ya chaki. Bati jembamba linakatwa, linawekwa jipya. Kwa hiyo hata huo mwili wa 1913 si wote wa 1913.

#14 Mafuta na Grisi

Sasa Fita umejifunga mwenyewe. Injini imebadilishwa, mabati yamebadilishwa, na bado mnasema ni meli ileile?

#15 Mama Mgebuka

Ni ileile. Hata mimi meno nimebadilisha.

#16 Mzee Ikola

Nimewasoma nyote. Mnazungumza chuma, grisi na magadi, lakini rasi ya Kabogo hakuna aliyeitaja.

Wazee wetu hawakupita Kabogo bila kutoa kitu. Hata Stanley alipofika huku mwaka 1871 aliandika kwamba aliambiwa Waarabu na wenyeji walikuwa na desturi ya kutupa shanga majini kwa ajili ya Kabogo, na alisimuliwa ngurumo zake. Liemba imepita pale miaka yote, usiku na mchana, dhoruba na shwari. Vyombo vingapi vimepotea maeneo yale? Niliwaona kwa macho yangu mabaharia wa zamani wakitupa kitu kidogo wakidhani hatuwaoni. Meli inayosalimia wenyewe, mizimu ya pale, inaachiwa njia.

#17 Mwalimu Kasulu

Mzee wangu, kwa heshima, ngurumo zina maelezo. Stanley huyohuyo aliambiwa na wenyeji kwamba ni mlima wenye mapango, upepo ukivuma maji yanaingia kwa nguvu na kutoa mngurumo. Na ukiisoma habari ile vizuri, mlima unaosemwa uko ng'ambo, upande wa Kongo.

#18 Mzee Ikola

Mwalimu, rasi ya Kabogo iko upande wetu, nimepita pale tangu utoto. Kama na ng'ambo ipo nyingine, basi zinaitikiana. Maelezo ya mapango siyakatai. Wenyewe si wanakaa mapangoni?

#19 Sarang'i wa Bangwe

Mzee Ikola, waliokuwa wakitupa walikuwapo, na kwenye zamu yangu sikumzuia mtu. Ninachojua mimi, pale tulipunguza mwendo, na mshika usukani aliyechoka alibadilishwa kabla hatujafika. Kila mtu aite anavyotaka.

#20 Mtoto wa Reli Tabora

Jamani na sisi wa Tabora tupewe nafasi. Baba alikuwa reli. Meli za maziwa zilikuwa chini ya reli, kwanza East African Railways, Jumuiya ilipovunjika 1977 zikawa chini ya TRC, shirika la reli la Tanzania, na baadaye ndiyo ikaja kampuni yake yenyewe yenye makao Mwanza. Kwa hiyo baharia akihamishwa kutoka Mwanza kwenda Kigoma alipita kwetu, njia panda. Treni ya Mwanza inafika, ya Kigoma bado, anashinda stesheni na sanduku lake la bati lenye jina kwa rangi nyeupe. Mama alikuwa akiwapikia. Tulikuwa watoto, tunawauliza ziwa gani kali. Wa Victoria wanasema Victoria, wa Tanganyika wanasema Tanganyika, wanabishana mpaka treni inapiga honi. Naona mpaka leo hamjamaliza.

Na ile hadithi ya makasha 5,000 isisahau kwamba yalipita kwenye reli yetu.

#21 Kagunga 2015

Nasoma uzi huu tangu juzi nikisita kuandika. Mimi si mzee sana, lakini nilikuwamo Liemba Mei 2015.

Watu walikuwa wamekimbia Burundi, wamejaa Kagunga, kijiji cha ukingoni chenye mlima mkali nyuma yake. Barabara hakuna. Maelfu kwa maelfu wamelala mchangani, na kipindupindu kimeingia. Liemba ilisimama mbali kidogo, boti zinaleta watu, tunajaza kama 600, tunakwenda Kigoma, tunashusha, wanapelekwa kwanza uwanjani na baadaye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, sisi tunarudi Kagunga. Hatukuwa tunalala. Watu walikuwa dhaifu kiasi kwamba kazi yetu kubwa ilikuwa kuwapandisha. Namna ya kushika juu ya kifundo cha mkono aliyoieleza Mama Mgebuka, nilifundishwa hivyohivyo na mtu aliyefundishwa na mwingine. Leo ndiyo nimejua imetoka mbali.

Kuna bibi mmoja alikuwa na sufuria tu, hakuwa na kitu kingine. Mwenzangu alitaka aiache ili apande haraka. Nikamwambia abaki nayo, nikaipokea kwanza ile sufuria, ndipo naye akanipa mkono.

#22 Fita Mstaafu

Na 1997 tulifanya kazi ya namna hiyo kwa kurudisha Wakongo Uvira. Hayo nayo hayaandikwi. Asante kijana kwa kuandika.

#23 Chumvi Mdomoni

Nimekaa kimya, nimesoma. Lile neno la madereva wa basi nilitania, na nitaendelea kutania, lakini Kagunga sina la kusema. Sisi tulibeba katani.

Kuna jambo zito nataka tulijadili. Wengi wetu tumestaafu bila karatasi kamili. Mwajiri wangu mmoja alifungwa, mafaili hayajulikani yalikwenda wapi, na kila ofisi niliyokwenda niliambiwa nilete uthibitisho ambao wao ndio walikuwa nao. Nimebaki na kitabu changu cha baharia, kila meli na kila tarehe imegongwa muhuri humo. Walio nacho wakitunze. Wasio nacho waandike majina ya waliofanya nao kazi, maana shahidi aliye hai ni bora kuliko faili lililopotea.

#24 Mjukuu wa Ujiji

Wazee, nina wazo. Nitakuja na simu yangu, nirekodi kila mtu: jina, meli, kazi, miaka, na mliofanya nao. Babu yangu sina hata picha yake akiwa melini. Alikuwa mfupi, anaimba akipika, alipenda kuweka ndimu kwenye kila kitu. Kuna anayemkumbuka?

#25 Mafuta na Grisi

Wa ndimu! Tulimsikia mpaka chini injini, tena juu ya kelele za mashine. Alikuwa akitushushia chai yenye tangawizi kwenye ndoo ndogo kwa kamba, kila zamu ya usiku, na hakuna aliyemwagiza. Kijana, njoo kwangu Gungu, nina habari zake za kutosha.

#26 Sarang'i wa Bangwe

Basi tukutane, na Mjukuu ashike kalamu. Napendekeza 16 Mei 2027, siku Liemba itakapotimiza miaka 100 ya jina lake. Pale Kigoma, karibu na bandari.

#27 Mafuta na Grisi

Tarehe nzuri ila hesabu si hiyo. Meli ilishuka majini 5 Februari 1915, miaka 100 ilishapita. Tukutane Februari.

#28 Mzee Ikola

Februari ni masika, sisi wa kusini tutafikaje?

#29 Kasanga Kwetu

Mimi nasema tusingoje 2027 kabisa. Kuanzia tulipofanya kazi na Sarang'i nimeshahesabu tuliobaki wa zamu yetu, na wawili ni wagonjwa. Mmoja yuko Mwanga, mwingine Kirando. Jumamosi hii aliye Kigoma mjini aende Mwanga na Mjukuu na simu yake. Wa Kirando nitamfuata mimi.

#30 Mama Mgebuka

Mwanga ni karibu na kwangu, nitakwenda nao. Na huyo wa Kirando, Kasanga Kwetu, mtazame kidole gumba.